Majoho ya Wahitimu kwenye Ghala la Dagaa

Nilisoma mpaka darasa la nne, na hilo la nne lenyewe sikulimaliza, kwa sababu mwaka ule pamba ilikubali na baba aliona mikono yangu inapotea bure kwenye madaftari. Nalisema hili mapema ili msomaji asipate taabu ya kunitafuta kwenye orodha ya wahitimu. Simo. Hata hivyo wapo watu wenye shahada mbilimbili hapa Mwanza ambao mpaka leo tukikutana barabarani wanashika koti kwanza, ndipo wananisalimia. Sababu yake ndiyo ninayotaka kuieleza, maana wao wakiieleza wanaruka sehemu.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Aliyekuwa na meza aliuza kwenye meza, aliyekuwa na baiskeli aliigeuza duka. Mashirika ya umma yalikuwa yanauzwa au yanafungwa, minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tusio na ndege tukachukua kilichobaki. Mimi nilichukua dagaa. Nilianza na gunia moja kutoka Nansio kisiwani, nikavuka nalo nimelikalia kwenye meli kama kuku anayeatamia, na kufikia wakati ninaousimulia nilikuwa na ghala Mkuyuni, malori mawili na makuli saba. Hakuna chuo kilichonifundisha. Walionifundisha ni walionidhulumu, na ada yao niliwalipa yote.

Sasa, dagaa hawatoki kisiwani bila karatasi. Ofisi ya leseni kule Nansio ilikuwa na meza nne. Meza ya kwanza ilikutuma ya pili, ya pili ilikutuma ya tatu, na ya tatu siku zote ilikuwa imekwenda msibani. Mwaka mmoja nilifika nikakuta kwenye meza ya nne mtu mpya, binti wa Kikerewe, kalamu yake ameifunga kwa uzi kwenye mguu wa meza ili isisafiri. Aliniamkia, akaniuliza shida yangu. Nikamwambia, na juu ya fomu nikaweka bahasha kama ilivyokuwa desturi. Akaisukuma kunirudishia kwa rula. Hakuigusa kwa kidole, aliisukuma kwa rula, kama mtu anayeondoa mende mezani. Halafu akaniandikia leseni, siku ileile, kabla ya saa sita.

Niliamini kuna ujanja. Nililala Nansio siku mbili nzima nikisubiri anitumie mtu wa kunidai. Hakuna aliyekuja. Mwaka uliofuata ikawa hivyohivyo, na wa tatu pia. Kwa mfanyabiashara, jambo la namna hiyo ni kama kukuta ziwa limegeuka la maziwa. Hulielewi, lakini unakwenda na ndoo.

Basi binti huyo akapata nafasi chuo kikuu, kusomea shahada ya pili ya utawala wa umma. Zamani serikali ingemlipia mpaka sabuni ya kufulia. Lakini tulikwisha kuambiwa kwamba sasa kila mtu achangie, na wizara ilimwandikia barua nzuri sana yenye mhuri, inayompongeza na kumruhusu kwenda masomoni endapo atapata mfadhili. Yaani mlango umefunguliwa, ila nyumba haina ngazi. Chuo nacho kilimwambia kwamba asiporipoti na ada yake siku ya kufungua, nafasi anapewa mwingine.

Nilipanda meli nikamfuata. Nikamwambia ada nitalipa mimi, yote, na nauli juu. Nilitegemea machozi kidogo. Nilikuwa hata nimepanga namna ya kuyakataza.

"Baba, nakushukuru sana," alisema. "Lakini nikisomeshwa na wewe, nikirudi nitakuwa karani wako."

"Utakuwa karani wa serikali."

"Siku nitakayokusainia leseni, nani ataamini nimesaini kwa sababu umetimiza masharti? Wewe mwenyewe hutaamini."

Niliudhika, sitaki kudanganya. Nimewahi kukataliwa na wenye mali, na nimezoea. Kukataliwa na mtu asiye na nauli ilikuwa mara yangu ya kwanza. Nikamwuliza sasa atasoma kwa hela ya nani. Akasema ameomba mfuko wa wahitimu wa pale chuoni walioko Mwanza, ambao kila mwaka wanachangisha ili wasomeshe mtu mmoja wa utawala, na mwaka huo wamemchagua yeye. Hela ile ni ya watu wengi, akasema, na hakuna hata mmoja kati yao atakayekuwa na haki ya kumwita pembeni.

Lakini mimi niliwajua wahitimu wale, na yeye alikuwa hawajui.

Walikuwa kama arobaini hivi. Karibu wote walisomea kuongoza, na karibu kila walichokiongoza kilikuwa kimekufa: huyu shirika la usafiri, yule kiwanda, wale watatu ushirika wa pamba ulioniachia mimi kovu la bega kwa kubeba marobota yake bila mshahara wa miezi minne. Sasa walikuwa wanakutana kuchangisha ili wapatikane viongozi zaidi. Mwaka uliotangulia walimchangia kijana mmoja wa Sengerema. Ahadi zilisimamisha watu kwenye viti. Kijana akaenda chuoni akiwa na karatasi ya ahadi, na baada ya mwezi mmoja tukamwona anashuka kwenye treni na godoro lake kichwani. Mhasibu wa chuo hapokei makofi.

Na binti wangu wa leseni alikuwa amekwisha kuomba likizo bila malipo na kurudisha chumba alichopanga.

Ndipo siku moja katibu wa wahitimu akaingia ghalani kwangu Mkuyuni, kijana mnene kidogo, mkarimu wa maneno, mtu ambaye habari ikiingia sikioni mwake saa nne, saa sita inauzwa sokoni. Aliniamkia shikamoo ya kuinama, akanipa barua iliyoanza "Mhitimu mwenzetu."

Nikamwuliza nimehitimu nini.

"Ni heshima tu, mzee. Kwa mchango wako katika maendeleo."

"Mchango upi?"

"Huo utakaoutoa."

Nilicheka, maana angalau alikuwa mkweli. Akaendelea kusema kwamba mshereheshaji waliyemzoea amehamia Dar, na wanahitaji mtu wa kunadi vitu kwenye harambee, na kila mtu anajua mimi ndiye niliyekuwa dalali mwaloni miaka sita kabla sijanunua lori. Nikamwuliza nitanadi kwa sheria zipi. Yeye, kwa haraka ya kwenda kwingine, akasema kwa sheria zangu mwenyewe, mzee wetu, sisi ni nani tukufundishe.

Nilimwomba ayarudie maneno hayo mbele ya makuli. Akayarudia.

Kwa asiyejua, mwaloni, kule mitumbwi inakotua, mnada una sheria mbili tu. Ya kwanza, anayetaja bei ya mwisho analipa kabla samaki hajatoka mchangani. Ya pili, asiye na hela mkononi anaacha kitu: kasia, baiskeli, shati la mwilini. Anakifuata siku anapolipa. Nimewahi kukaa na viatu vya mtu wiki mbili huku yeye akipita mbele yangu peku kila asubuhi na kunisalimia vizuri kabisa. Hatukugombana. Ndiyo sheria.

Harambee ilifanyika Jumamosi alasiri kwenye ukumbi wa hoteli moja inayotazama ziwa. Kamati iliamua kwamba wahitimu wote waje wamevaa majoho yao ya mahafali, ili shughuli iwe na uzito. Uzito ulikuwepo. Joto la saa tisa Mwanza, na watu arobaini wamevaa mablanketi meusi, wanajipepea kwa ratiba. Joho moja lilikuwa limeliwa na mende begani, mwenyewe akalishona kwa uzi mweupe. Mgeni rasmi alikuwa mkubwa mmoja wa mkoa, mtu wa kucheka. Binti alikaa safu ya mwisho karibu na mlango, kipochi magotini, kama mtu aliyeitwa kwenye usaili.

Nilipopewa kipaza sauti nilieleza sheria zote mbili. Ukumbi ulicheka. Mgeni rasmi alicheka kuliko wote, akasema hiyo ndiyo nidhamu ya fedha ambayo taifa linaihitaji, na yeye anaunga mkono. Katibu akaniangalia kidogo, uso umebadilika rangi, lakini mkubwa alikwisha kuunga mkono, na pale hapakuwa na mtu aliyesomea namna ya kumpinga mkubwa.

Tukaanza na jogoo. Daktari mmoja wa mashamba, namaanisha daktari wa kusoma, siyo wa sindano, alipandisha bei mpaka wenzake wakakaa. Makofi yakapigwa. Akasimama, akafungua mikono, akasema anamrudisha jogoo huyo mezani anadiwe tena kwa ajili ya mfuko. Makofi zaidi. Hiyo ndiyo ilikuwa desturi yao, nilielezwa baadaye: jogoo mmoja aliweza kununuliwa mara tano alasiri moja, akabaki wa kamati, na hakuna aliyetoa hata senti.

"Bwana daktari," nikasema, "mwaloni anayeuza samaki mmoja mara mbili anapigwa. Chukua kuku wako. Na hela?"

Akasema ni ahadi.

"Basi acha saa."

Watu waliendelea kucheka, na yeye pia, mpaka alipoona kiganja changu bado kiko wazi mbele yake. Alivua saa. Muda wote uliobaki alimshika jogoo chini ya joho, na kila hotuba ilipofika mahali pa uchungu, joho liliwika.

Baada ya hapo mambo yalikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia, na ninajua sababu. Wa kwanza akiacha saa, wa pili hawezi kukataa kuacha koti, maana itaonekana ahadi yake ni ya uongo kuliko ya mwenzake. Mwanasheria aliacha viatu. Mkuu wa shule aliacha mwavuli na kitabu cha tiketi za bahati nasibu ya kanisa, na hicho nikakikataa kwa kuwa si mali yake. Wengi waliacha majoho, na nikayapokea pale tu yalipoongozana na kitu kingine, kwa sababu joho mtu anaweza kulisahau mwaka mzima. Nilitaka kitu atakachokikumbuka kesho asubuhi kabla hajanawa uso.

Mwisho tukafika kwenye keki. Ilikuwa imetengenezwa mfano wa kitabu kilichofunuliwa, na bei yake ndiyo ilitegemewa kujaza pengo la ada. Mwenyekiti wa wahitimu hakuweza kukaa kimya. Mwenyekiti hapokonywi keki na mwanachama wa kawaida. Alikuwa mtu mrefu, suti kijivu chini ya joho, sauti ya kusoma taarifa ya habari. Kila daktari alipotaja bei, yeye aliitaja kubwa zaidi bila hata kumtazama. Akashinda. Ilikuwa bei ya ajabu. Nilimwona binti kule nyuma anafumba macho na kuhesabu kwa midomo, kisha akayafumbua na kukaa vizuri kwenye kiti.

Mwenyekiti alivua joho akanikabidhi kama anayenivisha mimi. Nikamwuliza na cha asubuhi je. Akavua miwani.

Nikarudi Mkuyuni na lori limejaa elimu. Makuli walishusha majoho kumi na tisa, makoti, saa, viatu, miwani, tukayapanga juu ya magunia kwa sababu hapakuwa na mahali pengine. Wale wanaojua dagaa wanajua kilichofuata. Harufu ya dagaa haiombi ruhusa.

Jumatatu saa moja asubuhi mwanasheria alikuwa mlangoni amevaa ndala. Akalipa, akachukua viatu, akavinusa, akaondoka. Wakafuata wengine wiki nzima. Wengi walituma wake zao, na akina mama ndio walionifurahisha, kwa sababu walilipa haraka huku wakitaka kusikia hadithi yote tangu mwanzo. Mmoja alilipia joho la mumewe kisha akasema nibaki nalo, nyumbani halina kazi, anataka koti tu. Hela yote ilipokelewa na katibu, mimi nikiwa nimekaa pembeni, kwa sababu nilimkumbuka yule binti na rula yake na sikutaka kidole changu kionekane.

Kufikia wiki ya pili vilibaki vitu vya mtu mmoja, joho na miwani ya mwenyekiti. Nilikuwa nikiwatania makuli kwamba mwenyekiti hajasaini kitu ofisini kwake siku kumi na mji haujagundua. Walicheka sana. Lakini bila hela ya keki ada haikutimia, na zilibaki siku kumi na nne chuo kifungue. Binti alikuwa amefikia kwa shangazi yake Buswelu, mizigo imefungwa kamba, anasubiri.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe, kwa miguu, saa kumi na mbili asubuhi, kabla makuli hawajafika. Suti ileile ya kijivu. Alipapasa kidogo mlangoni kwa kutoona vizuri. Nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Alianza kunieleza juu ya mchakato, na kamati ndogo, na uwezekano wa ahadi kugawanywa katika vipindi. Nikamwacha aende mpaka mwisho wa barabara yake. Kisha nikamwuliza kama hela anayo au hana.

"Sina," alisema. "Shirika limenipunguza. Mwezi wa saba huu."

"Na suti?"

"Natoka nayo kila asubuhi. Nakaa maktaba. Mke wangu hajui."

Nilitamani kumcheka. Huyu ndiye miaka ile aliyekuwa akisaini karatasi za kusema makuli wa pamba wasubiri. Lakini kumwona mtu mzima anasimama ghalani mwako hana miwani, anazungumza na nguzo akidhani ni wewe, kunamaliza hamu ya kucheka. Nikawaza njia rahisi, nimpe hela kimya kimya, akaitoe kama yake. Nikaiacha. Binti alisema hataki hela yangu, na hela yangu ikipita kwenye mfuko wa mwenyekiti haigeuki kuwa ya mwenyekiti.

Nikamwambia nina kazi. Msimamizi wa ghala, miezi mitatu, na mshahara wa miezi yote mitatu nitautoa mbele akimaliza siku kumi bila kutoroka. Ulitosha keki, ukabaki wa sukari. Nikamrudishia miwani ili aone mzani. Joho nikabaki nalo.

Siku ya kwanza mwenyekiti aliunda kamati. Nasema kweli. Nilitoka kwenda benki, niliporudi makuli saba walikuwa wamekaa duara kwenye magunia, mmoja ni katibu, mmoja ni mtunza muda, na lori halijapakiwa. Siku ya pili alitaka kila gunia liwe na jalada lake. Mkubwa wa makuli, Msukuma wa Magu asiyetabasamu, alianza kumsalimia "Mwangaluka, mheshimiwa Gunia," na jina likakaa. Siku ya tatu mvua iliwakuta wakijadili ajenda ya pili, na dagaa wangu wakalowa. Siku hiyo nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa.

Lakini ilikuwepo ghalani ugomvi wa miaka, nani abebe magunia ya kutoka chini, yale yaliyovuta unyevu na kuwa mazito kama maiti. Mimi niliutatua kila siku kwa kelele. Siku ya tano mwenyekiti aliandika zamu kwenye ubao wa sanduku la chai, akaanza na jina lake mwenyewe. Alibeba gunia zito la kwanza kwa suti ya kijivu, akaanguka nalo, akalibeba tena. Tangu siku hiyo ugomvi ulikwisha. Nilitafuta kasoro ya zamu ile wiki nzima, sikuiona. Sikumwambia.

Alimaliza siku kumi. Nikamhesabia mshahara wake mbele ya makuli, na palepale akaniomba nimwite katibu aje auchukue uende kwenye ada. Katibu akaja siku iliyofuata, na safari hii akaja na binti, kwa sababu treni ilikuwa inaondoka jioni na hela ya wengine alikwisha kumkabidhi. Kilibaki kifungu cha mwisho.

Binti alisimama mlangoni. Aliniona mimi, akaona joho limetundikwa kwenye msumari, akamwona mwenyekiti nyuma ya mzani, mikono ya shati imekunjwa na magamba yameganda mpaka kwenye viwiko. Alitusalimia wote. Katibu alimnyooshea bahasha. Hakuipokea.

"Hela hii ni ya nani?" aliuliza.

Katibu akasema ni ya mfuko, dada, ni mchango wa mwenyekiti. Binti akasema anaona mwenyekiti yuko ghalani kwa mzee, na anaomba radhi, lakini anauliza tena. Alikuwa ananitazama mimi. Na hapa nikiri, mimi nisiyekosa neno nilikosa, kwa sababu jibu lolote ambalo ningelitoa lilikuwa linamvua nguo mwenyekiti mbele ya mdomo wa katibu. Kama ningesema ni yake, angeuliza ameipataje. Na kunyamaza kulimaanisha ni yangu. Treni ilikuwa saa kumi na mbili, na niliona wazi kwamba msichana huyu ana uwezo wa kurudi Nansio na mizigo yake akakae tena kwenye meza ambayo hata si yake tena.

Mwenyekiti aliweka chini jiwe la mzani.

"Ni yangu, binti," alisema, kwa ile sauti ya taarifa ya habari. "Ni mshahara wangu. Kule nilikokuwa nilipunguzwa, miezi saba iliyopita. Sasa nafanya kazi hapa."

Katibu alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakikutoka kitu.

"Umefanya kazi siku ngapi?" binti akauliza.

"Kumi na moja na leo. Nimelipwa miezi mitatu mbele. Zilizobaki nazifanya."

"Na usipozifanya?"

Mwenyekiti akaelekeza kidole kwenye joho lililokuwa ukutani, kisha kwangu. "Mtazame mzee huyu. Unadhani ni mtu wa kuachia?"

Makuli waliangua kicheko, mkubwa wao Msukuma wa kwanza. Binti alinitazama muda mrefu, kama alivyokuwa akiitazama fomu yenye mashaka. Halafu naye akacheka, akapiga goti kidogo mbele ya mwenyekiti, siyo mbele yangu, akapokea bahasha kwa mikono miwili. Aliandika stakabadhi palepale juu ya gunia. Kwenye sehemu ya mfadhili aliandika jina la mwenyekiti. Jina langu halikuandikwa popote, na nilimsimamia nikihakikisha.

Makuli walimsindikiza stesheni na lori langu. Petroli alitaka kulipa. Nikamwambia lori linakwenda huko kuchukua chumvi, na kweli likaenda kuchukua chumvi, kwa sababu nilijua angegeuza shingo kuangalia.

Alisoma, akamaliza. Mimi leseni ya mwaka ule ilinichukua miezi mitatu na bahasha mbili, kwa kuwa mtu aliyekuwa akiitoa kwa siku moja nilikuwa nimeshiriki kumwondoa kwenye meza. Wenye shahada wakiniuliza nimejifunza nini kuhusu kusomesha watumishi wa umma, nawaambia hivyo.

Katibu naye alipata tena sauti yake kabla ya treni kufika Fela, stesheni ya karibu tu. Asubuhi ya kesho yake hapakuwa na mtu Mwanza ambaye hajui mwenyekiti anapima dagaa. Mwenyewe alikuja kazini kama kawaida, safari hii bila suti.

Saa saba mchana mkewe akaingia ghalani na kapu. Alikuwa mama wa Kihaya, mnyoofu, amevaa vizuri. Makuli wakakumbuka ghafla kwamba wana shughuli nyuma ya lori. Mwenyekiti alisimama na rundo la stakabadhi mkononi asijue aziweke wapi. Mama hakufoka. Alifuta gunia kwa kiganja, akatandaza kitambaa, akatoa bakuli la ndizi na jingine la maharage, akafunua.

"Miezi saba unaniambia utakula kazini," alisema. "Nimeona leo nikufuate huko kazini, nipaone."

"Mama," mwenyekiti alianza.

"Hapa wewe ni nani?"

Mwenyekiti alinitazama. Hatukuwahi kuandikiana cheo. Nikasema mimi: msimamizi wa ghala.

"Ghala lina wasimamizi wangapi?"

"Mmoja tu."

Akamwekea ndizi mbili kwenye sahani, akaongeza ya tatu. "Basi kaa ule," alisema, "kabla hawa walioko nyuma ya lori hawajaja."

Walikuja.